Uzi: Saikolojia haianzi na majina makubwa, inaanza na namna ya kutojidanganya

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Kila nikitaja kwamba nimesoma saikolojia, swali la kwanza huwa lilelile: "Kwa hiyo hapa unajua ninachowaza?" Sijui. Na wanaoanza kuisoma nao nimewaona wengi wakikimbilia majina: Freud alisema hivi, Skinner alisema vile. Wakifika kwenye mbinu za utafiti wanaona ni kikwazo cha kuruka ili wapate cheti. Kwangu hao wameliita paa msingi. Nataka nieleze kwa nini, na nitaanza na farasi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu mstaafu wa hesabu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi, Hans, aliyejumlisha, kutoa na hata kutaja tarehe kwa kugonga kwato chini. Ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, anagonga mara saba, anaacha. Watu walifurika kumwona. Mwaka 1904 tume iliyoongozwa na mwanasaikolojia Carl Stumpf ilichunguza ikasema haikuona hila yoyote. Na kweli hila haikuwepo. Yule mzee hakuwa tapeli. Aliamini kwa moyo wote kwamba amemfundisha mnyama kufikiri.

Kazi ya kuchimba zaidi akaifanya Oskar Pfungst, mwanafunzi wa Stumpf. Yeye alibadilisha jambo moja moja. Muulizaji anayelijua jibu, kisha muulizaji asiyelijua. Farasi anayemwona muulizaji, kisha farasi aliyezibwa macho asimwone. Muulizaji alipokuwa halijui jibu, Hans naye alipotea. Ikabainika kwamba mtu akishauliza huinama kidogo kutazama kwato, na hesabu ikitimia mwili wake hulegea na kichwa huinuka kwa kiasi ambacho mwenyewe hana habari nacho. Farasi alikuwa anasoma hicho. Pfungst alichapisha kazi yake mwaka 1907, na jambo linalonigusa zaidi ni hili: hata baada ya kuijua siri, alijikuta bado anampa farasi ishara bila kukusudia.

Watu wazima wenye elimu, wakweli, walitazama kwa macho yao na wakakosea. Ndiyo maana nasema njia za utafiti ndizo saikolojia yenyewe. Nitaendelea kwenye posti inayofuata.

Mleta mada

Tuje kwenye mwanzo wa taaluma. Vitabu vingi hutaja mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake chuoni Leipzig. Tarehe hiyo inafaa kukumbukwa, lakini mambo yalianza kabla. Mwaka 1860 Gustav Fechner alikuwa ameshachapisha kitabu cha kupima uhusiano wa nguvu ya kitu na jinsi mtu anavyokihisi, akijenga juu ya kazi ya Ernst Weber. Weber alikuwa ameona kwamba ukishika uzito mdogo, nyongeza ndogo unaihisi, lakini ukishika uzito mkubwa nyongeza ileile inapotea. Lazima nyongeza ikue kwa uwiano. Hisia, kitu kisichoshikika, kikapata kanuni ya hesabu. Mwaka 1868 Mholanzi Franciscus Donders alipima muda wa kufikiri: unachukua muda ambao mtu hujibu ishara moja tu, unautoa kwenye muda anaojibu akilazimika kuchagua kati ya ishara mbili, na kinachobaki ni muda wa kuchagua. Ujasiri ulioje!

Lakini anayenivutia kuliko wote ni Hermann Ebbinghaus. Hakuwa na maabara kubwa wala wasaidizi. Alitunga silabi zisizo na maana zaidi ya elfu mbili, akazipanga kwenye orodha, akazikariri mwenyewe kwa mdundo wa saa, kisha akapima ilimchukua muda gani kuzikariri upya baada ya kuzisahau. Kwa nini silabi zisizo na maana? Kwa sababu maneno ya kawaida yanabeba maisha yako: neno "mama" na neno "kabati" hayaingii kichwani kwa usawa. Alitoa matokeo mwaka 1885. Baada ya dakika 20 alikuwa anaokoa asilimia 58 ya kazi ya awali. Baada ya saa moja 44. Baada ya siku moja 33 hivi. Baada ya siku 31 bado 21. Kumbukumbu inaporomoka haraka mwanzoni kisha inatulia. Mwaka 2015 watafiti walirudia zoezi lake kwa mtu mmoja vilevile na wakapata mchoro unaofanana sana. Miaka 130!

Linganisha na waliokuwa wakimwambia mtu ajitazame ndani na aseme anachokiona akilini. Shule moja ikasema hakuna wazo bila picha. Nyingine, ya Würzburg, ikasema yapo mawazo yasiyo na picha yoyote. Nani ana haki? Kila upande ulisema mtazamaji wako hakufunzwa vizuri. Hapakuwa na mtu wa tatu anayeweza kuingia kichwani kukagua, ugomvi ukabaki bila hakimu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nashukuru kwa uzi, ila usimfanye Wundt kuwa mtu wa maabara tu. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba mambo ya juu kama lugha, dini na mila hayawezi kupimwa kwa jaribio la maabara, na aliandika juzuu kumi kuhusu hayo. Tena kujitazama ndani kwake kulikuwa na masharti makali: kichocheo kinachodhibitiwa, jibu fupi, kurudiwa mara nyingi. Waliokuja baada yake, kama mwanafunzi wake Edward Titchener, ndio waliokupanua.

Mleta mada

Nimekubali, na ni sahihisho zuri. Nilipita haraka.

Mchangiaji wa pili

Samahani wadau, mimi ni mwanafunzi. Nimegawa hojaji kwa wenzangu 60, nimepata kwamba wanaotumia simu sana usiku wana msongo wa mawazo zaidi. Je, naweza kuandika kwamba simu inasababisha msongo? Msimamizi wangu amekataa na sijamwelewa.

Mleta mada

Mdogo wangu, msimamizi wako amekutendea wema. Tukae hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Ulichopata ni uwiano: vitu viwili vinapanda pamoja. Sasa jiulize. Huenda simu inaleta msongo. Huenda mwenye msongo halali, kwa hiyo anashika simu. Huenda kuna jambo la tatu, tuseme msiba, deni au mtihani unaokaribia, linalomkosesha usingizi na kumpa msongo kwa wakati mmoja. Data yako inakubaliana na hadithi zote tatu. Huwezi kuchagua moja kwa sababu ndiyo uliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Kuna la nne ambalo watu hawalifikirii: wewe hukupima matumizi ya simu. Ulipima jibu la mtu kuhusu matumizi ya simu. Mwenye msongo anaweza kukumbuka usiku wake kwa ubaya zaidi. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari kisha wakauliza mwendo wa magari. Kilichobadilika ni kitenzi tu. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, kama tungesema "yalipobamizana", walikadiria wastani wa zaidi kidogo ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi laini, kama "yalipogusana", walikadiria 31.8. Katika jaribio la pili la watu 150, wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu havikuwepo. Katika watu 50 waliosikia kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Katika 50 waliosikia kitenzi cha wastani, 7. Katika 50 ambao hawakuulizwa mwendo, 6. Neno moja! Sasa rudi ukasome maswali ya hojaji yako, neno kwa neno.

Ukitaka kusema "inasababisha" unahitaji kugawa watu kwa nasibu. Rusha sarafu: wewe kundi hili, wewe kundi lile. Uzuri wa nasibu ni kwamba inatawanya hata sababu ambazo hujawahi kuzifikiria. Wenye deni watakuwa pande zote mbili, wenye msiba vilevile, na kundi likiwa kubwa tofauti hizo zinakaribia kusawazishika. Charles Peirce na Joseph Jastrow walitumia karata zilizochanganywa kupanga mfuatano wa uzito katika majaribio yao ya kuhisi, wakachapisha mwaka 1885. Mhusika hakuweza kubashiri uzito gani unafuata. Saikolojia ilifika huko mapema mno.

Kwa kazi yako, andika "kuna uwiano kati ya". Hiyo ni kauli ya kweli, na kauli ya kweli iliyo ndogo inatosha kabisa kwa kazi ya mwanafunzi.

Mchangiaji wa pili

Nimeelewa mkuu. Hilo la kumbukumbu kubadilika ndilo limenishtua.

Mleta mada

Niongeze la kwangu, kwa sababu liliniuma. Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya jaribio dogo na watoto, kundi moja likisifiwa kwa juhudi na jingine likiachwa bila sifa. Nilitakiwa kuhesabu mara ngapi mtoto anarudi kujaribu fumbo gumu. Nilihesabu mwenyewe kutoka kwenye video, nikijua nani yuko kundi lipi. Tofauti ilikuwa nzuri, nikafurahi. Rafiki yangu akajitolea kuhesabu upya, naye hakuambiwa makundi. Tofauti ikasinyaa mpaka karibu kutoweka. Nilirudia video zangu usiku kucha. Sikuwa nimedanganya. Ila mtoto wa "kundi langu" akigusa tu kipande nilihesabu amejaribu. Wa kundi la pili akigusa niliona anachezea.

Miaka mingi kabla yangu Robert Rosenthal na Kermit Fode walikuwa wameshaonyesha jambo hili. Mwaka 1963 waliripoti jinsi walivyowapa wanafunzi 12 panya wa kawaida, nusu ya wanafunzi wakiambiwa panya wao ni hodari wa kupita kwenye mzingile, nusu wakiambiwa ni wazito. Panya walioitwa hodari wakaonekana kufanya vizuri zaidi. Ndiyo maana tunamficha mhesabuji asijue nani ni nani, na tukiweza tunamficha na mshiriki pia. Wengine huona ni kama kumshuku mtafiti wizi. Hapana. Ni kumlinda na yeye mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nina shaka na haya yote. Nimesoma kwamba utafiti mwingi wa saikolojia ukirudiwa haupati matokeo yaleyale. Sasa sayansi gani hiyo? Na kama jaribio ndilo kipimo pekee, mbona mtu mmoja aliyeumia ubongo alifundisha dunia mambo mengi kuliko maabara nyingi?

Mleta mada

Maswali mawili mazito. Nianze na la pili.

Nadhani unamzungumzia Henry Molaison, aliyejulikana kwa herufi H.M. mpaka alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kutuliza kifafa, sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili zikaondolewa. Baada ya hapo hakuweza kutunza matukio mapya. Ungemsalimia, ukatoka, ukarudi, akakusalimu kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota akitazama kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono wake ukawa stadi zaidi, ilhali kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo kumbukumbu si kitu kimoja: mkono unaweza kukumbuka jambo ambalo mwenyewe halikumbuki. Hakuna maabara ingeruhusiwa kumfanyia mtu hivyo kwa makusudi. Uchunguzi wa mtu mmoja una nafasi yake, na sijasema jaribio ni kipimo pekee. Lakini tazama hata hapo: Milner hakusimulia tu, alipima, alirudia, alihesabu makosa ya kila siku.

Sasa kurudia. Ulichosoma ni kweli. Mwaka 2015 ulichapishwa mradi mkubwa uliorudia tafiti 100 za majarida makubwa ya saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilitangaza matokeo ya kutegemewa kitakwimu. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu. Nakumbuka kuisoma taarifa ile na kukosa raha, kwa sababu baadhi ya mambo ya aina hiyo nilikuwa nimewaeleza watu kwa uhakika.

Chanzo kikubwa hakikuwa uongo wa kupanga, ingawa huo nao upo. Ilikuwa uhuru wa kuchagua baada ya kuona. Tuseme unakubali matokeo ambayo bahati tupu ingeyaleta mara 5 katika 100. Ukifanya vipimo 20 tofauti vya jambo ambalo halipo kabisa, nafasi ya kupata angalau kimoja "kilichofaulu" ni kama 64 katika 100. Sasa mtu anapima hisia kwa njia nne, anajaribu wote pamoja, kisha wanawake peke yao, wanaume peke yao, anamtoa huyu aliyejibu ovyo, anaongeza washiriki kumi akiona karibu kinatoka, halafu anaandika kile kilichotoka kana kwamba ndicho alichokitafuta tangu mwanzo. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walitumia mlango huo kwa makusudi "kuthibitisha" kwamba kusikiliza wimbo fulani kunapunguza umri wa msikilizaji kwa zaidi ya mwaka. Data zilikuwa halali. Hitimisho haliwezekani.

Dawa yake ni rahisi kuitaja na inauma kuimeza: andika utabiri wako na mpango wa uchambuzi kabla ya kukusanya data, uuweke mahali pa wazi ambapo hata wewe mwenyewe huwezi kuubadilisha. Majarida kadhaa sasa hupokea makala kabla ya matokeo kujulikana. Wanapima swali na mbinu, wakikubali watachapisha hata ukikosa ulichotafuta.

Umeuliza ni sayansi gani hiyo. Nakuuliza nawe: ni nani aliyegundua tatizo? Wanasaikolojia, kwa kutumia njia zilezile za Pfungst, safari hii wakijichunguza wao.

Mchangiaji wa tatu

Hapo umenipata kidogo. Lakini bado washiriki wao ni wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri. Wanatupima sisi wengine kwa kipimo chao.

Mleta mada

Mia kwa mia. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu washiriki katika majarida makubwa ya Marekani: asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo ni kama asilimia 12 ya watu duniani. Miaka miwili baadaye Henrich, Heine na Norenzayan wakaonyesha kwamba watu hao mara nyingi ndio wa pembeni kabisa wakilinganishwa na wanadamu wengine. Hata jicho limo. Kuna mchoro wa mistari miwili iliyo sawa, mmoja una mishale inayofungua nje, mwingine inayofunga ndani, na wengi huona mmoja ni mrefu. Segall, Campbell na Herskovits walichapisha mwaka 1966 ulinganisho wa jamii nyingi, na ukubwa wa kosa hilo ukatofautiana sana. Baadhi ya jamii hazikudanganyika karibu kabisa. Kama jambo la msingi hivyo linabadilika, basi anayesema "binadamu" akiwa amepima darasa moja amevuka mpaka wa data yake.

Mchangiaji wa nne

Na maadili je? Mimi nilichoka niliposoma habari za yule mtoto aliyetishwa.

Mleta mada

Albert mdogo. Watson na Rayner, 1920. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka, anaonyeshwa panya mweupe kisha chuma kinagongwa nyuma yake mpaka anaogopa panya, na aliondoka bila hofu hiyo kuondolewa. Sina utetezi. Wala kitaalamu haikuwa kazi nzuri: mtoto mmoja, na waliotathmini woga wake ndio walioutaka utokee.

Ya Stanley Milgram ni magumu zaidi kwangu. Katika jaribio lake la kwanza kuchapishwa, mwaka 1963, watu 26 kati ya 40, wakiamriwa tu na msimamizi wa jaribio, walibonyeza swichi za umeme mpaka mwisho, volti 450, wakiamini wanamuumiza mtu wa chumba cha pili. Hakuna aliyeumizwa kwa umeme, lakini walitetemeka, walitoa jasho, wengine walicheka kwa fadhaa. Tulijifunza jambo zito. Na waliolipia somo hilo hawakuambiwa bei kabla. Leo mshiriki anapaswa kuelezwa anachoingia, awe huru kuondoka wakati wowote, na kamati ya watu wasio na maslahi ipitie mpango kwanza. Mimi niko upande wa kamati, hata zinaponichelewesha.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nianze na nini nisichohitaji maabara?

Mleta mada

Anza kwa Ebbinghaus. Tunga silabi 13 zisizo na maana, konsonanti, irabu, konsonanti. Zikariri mpaka uzitaje zote bila kukosea, na uandike ilichukua marudio mangapi. Zifiche. Kesho, saa ileile, zikariri upya na uhesabu tena. Rudia kwa orodha nyingine, lakini safari hii usubiri siku mbili, kisha sita. Kabla ya kuanza, andika kwenye karatasi unatabiri nini, weka tarehe, mpe mtu mwingine akutunzie. Usijitunzie wewe.

Mchangiaji wa pili

Nimeandika. Dada yangu ameichukua karatasi na amekataa kunionyesha tena. Orodha ya kwanza imenichukua marudio 17. Kesho saa mbili usiku nitaleta namba hapa, hata zikiwa tofauti na nilichoandika.